Mutu wa Koti ya Kijani

Mama Godelive mupendwa, ninakulomba musaada, na mbele ya yote ninakulomba usisome jina yangu ku radio, juu mutu mwenye sitaki asikie anakusikilizaka kila wiki, anawekaka radio ku dirisha akiwa anachambua maharagi, na ni mudogo yangu wa tumbo moja, Mariette.

Miye ninaitwa Kahongya, niko na miaka makumi tatu na ine, bwana yangu ni Gracien, fundi wa mbao hapa mujini, Mususa, na Mungu alitupatia mutoto moja tu, binti, Hadassa, wa miaka munane. Mbele tulikuwa tunaikala upande wa Vuhovi, mu bonde, karibu na muto, miye nikilima, Gracien akitumika huku mujini na kurudia mwisho wa wiki, samedi. Mariette yeye ni mujane. Bwana yake alikufia shambani upande wa Beni, unajua namna batu banakufaka kule, sitaki kuandika, akamuachia mutoto moja, Lévi, wa miaka mitano. Mariette anafanyaka biashara ya mafuta ya ngazi, mawese, anaenda kuyanunua Kamango, anaweza kumaliza wiki nzima, na akienda Lévi anabakia kwangu. Lévi ananiitaka Mama mukubwa. Unaona naandika ananiitaka, mukono inakataa kuandika ingine.

Mwezi wa kumi mvula ilinyesha siku tatu bila kukata, na kule juu mulima uliporomoka ukaziba muto, lakini sisi wa chini hatukujua, tuliona tu maji imepunguka mupaka mabwe imebaki inje, samaki inarukaruka mu potopoto, batoto bakashuka kushika samaki na mikono, na sisi batu bazima tulicheka, tukasema muto imechoka. Ilikuwa mercredi, saa tisa ya mchana. Nilikuwa nafua bilamba, Hadassa na Lévi banashika samaki mu kikombe, na tukasikia mulio kama ya camion mingi zinapanda pamoja, na nikaona maji inakuya imesimama, nyeusi, inapita nyumba kwa urefu, imebeba miti mizima na mizizi yake. Nyuma mwalimu wa pale alisema batu ba bahari banaitaka vile tsunami, na mama moja akamujibu, sisi hatuna bahari, mwalimu, sisi tuko na mulima tu.

Nilimushika Hadassa na mukono ya kushoto, Lévi na ya kuume, tukakimbia kupanda, hatukufika. Maji ilitupiga ku magoti kisha ku kifua. Mbele ya uso yangu kulikuwa muti ya avoka, tawi yake karibu inagusa pua yangu, na sikuwa na mukono ya kuishika. Mama Godelive, niliwaza. Hiyo njo inaniua. Batu banasema mu maji mutu hawazake, miye niliwaza, ilikuwa kitambo kidogo kama kufunga jicho, niliangalia huku, nikaangalia huku, na nikafungua mukono ya kuume, nikashika tawi. Lévi aliniita mara moja, Mama mukubwa, na hakuwa analia, aliniita namna mutoto anaita akitaka kukuuliza kitu.

Mariette alifika kisha ya siku mbili, kwa miguu, juu barabara ilikuwa imekatika, na miye nilikuwa mu kanisa na bale benye kupona, na akanisimamia mbele akaniangalia tu. "Lévi iko wapi?" Nikasema maji ilimutoa mu mukono yangu, na angalia, pale ningenyamaza, lakini macho yake haikuondoka, na nikajisikia ninasema: "Lakini niliona mutu moja, mwanaume wa koti ya kijani, anamuopoa kule chini." Sijui ile koti ilitoka wapi. Akauliza: "Alikuwa muzima?" Nikasema nilimuona anainua kichwa. Mariette akapiga magoti akamushukuru Mungu, na batu bote ba mule kanisani bakamushukuru pamoja na yeye.

Hadassa alikuwa pembeni yangu mu blanketi, akasema, "Mama, hakukuwa mu—" nikamufinya ku paja kwa nguvu. Mariette alipotoka nikamushika uso na mikono miwili, nikamuambia: "Weye ulikuwa umefunga macho, haukuona kitu. Ukisema ile tena, mama mudogo atakufa, na atakufa juu yako."

Tangu ile siku mutoto yangu hasemi. Miezi ine. Hata neno moja. Mule kanisani maji ya kunywa ilikuwa imeingiliana na ya vyoo, kuhara ikaingia, ikaua bamoja benye muto ilikuwa imebaachilia, na Hadassa alihara mupaka nikawaza anaenda, akapona, lakini kikohozi kilibakia, anakojoa ku kitanda, na hakubali kuingia mu bassin ya kuoga, ninamupangusa na kitambaa kama muzee. Miye mwenyewe mvula ikipiga ku manjanja, mabati ya nyumba, sibakii ndani, natoka, nasimama mu barabara na kuloana mupaka Gracien anakuya kunikamata. Mukono ya kuume inakufa ganzi, siwezi kubeba sufuria. Ku centre ya afya balipima bakasema mukono haina kitu.

Na Mariette ameacha biashara. Anazunguka Beni na picha ya Lévi, nyumba kwa nyumba, kila mahali balipokea batoto. Mwezi uliopita ku soko ya kule aliona mwanaume wa koti ya kijani akamushika ku mukono ya koti akapiga makelele, batu bakakusanyika, bakasema ni mwizi wa batoto, bakaanza kumupiga. Akaniita ku simu akasema, "Kahongya, nikuelezee sura yake, uniambie kama ni yeye." Na nyuma ya sauti yake nilisikia mwanaume analia, anasema, "Mama, miye nauzaka sabuni tu, nauzaka sabuni tu." Nikasema si yeye. Bakamuachilia. Sijui kama alipona vizuri.

Sasa Mariette amepata chumba cha maombi cha mama moja anaitwa Agar, na huyo mama amemuambia kwamba Hadassa aliona uso ya ule mutu vizuri, ila pepo ya maji imemufunga lulimi, kwa hiyo afungiwe mule ndani siku saba, bila kula na bila kunywa, pepo itoke, kisha atasema ule mutu ni nani na Lévi atapatikana. Lundi yenye inakuya, kisha tu ya siku ya Mungu, njo banamupeleka. Gracien amekubali, anasema hata yeye amechoka na nyumba yenye haisemi. Nikisema kweli, Mariette atakufa ama ataniua, na Gracien atanirudisha kwa baba yangu. Nikinyamaza, pengine Mungu atahurumia mutoto mule chumbani. Nifanye nini, Mama? Nijibu mbele ya lundi.

Miye Kahongya, wa Mususa.

*

Kahongya,

Barua yako imenifikia leo vendredi asubui, siku tatu mbele ya lundi, na sitaisoma ku radio. Nakuandikia kwa mukono, na mutu wa hapa atakuletea leo leo, juu haya hayangoji siku ya emission yangu ya radio.

Naanza na mutoto, maana yeye njo anaweza kufa wiki hii. Hadassa haendi kwa Mama Agar. Haendi lundi, haendi siku ingine. Mutoto wa miaka munane, mwenye alihara hivyo, mwenye anakohoa miezi ine, ukimunyima maji siku saba hatazimaliza. Nilikuwa muuguzi miaka makumi mbili na sita. Nilifunga macho ya batoto babili benye walitoka mu vyumba kama kile, na wazazi wao walikuwa wamesimama pale, watu wema kabisa, Biblia mukononi. Mwambie Gracien kwamba Mama Godelive amekataa. Akikasirika, anikasirikie miye, anajua mahali natumika.

Kesho asubui unamupeleka centre de santé. Kifua kipimwe, makohozi yapimwe, na choo kipimwe. Useme wazi: huyu mutoto aliacha kusema tangu siku ya maji. Uulize kama kuko psychologue, mutu wa kutunza roho zenye zilishituka. Kama hakuko pale, bakuonyeshe mahali yuko, na usitoke mupaka baandike ile mahali ku karatasi. Wakimaliza naye, unaingia weye. Mutu mwenye anasimama barabarani kila mvula ikipiga manjanja ni mugonjwa, na ugonjwa ule una jina na unatunzwa. Hata ule mukono. Walikuambia hauna kitu kwa sababu walipima mishipa tu, hawakupima roho.

Sasa tuseme juu ya pepo. Mu lulimi ya Hadassa hakuna pepo ya maji, kuko amri ya mama yake. Ulimuambia akisema, mama mudogo atakufa. Yeye ni mutoto mwenye kusikia, akatii, na miezi ine anabeba uhai wa mutu muzima mu kinywa. Nilipofika pale mu barua yako nilikasirika, nikaweka karatasi chini, nikatoka kutembea kidogo. Sikukasirika juu ya mukono. Nataka ulijue hilo.

Juu ya mukono nitasema kidogo. Umeandika kwamba uliwaza. Sitakuambia haukuwaza, haungeniamini. Lakini ulikuwa na mikono miwili, batoto babili na tawi moja, na maji ilikuwa ku kifua. Ungebashika bote babili, Mariette angefika akute hakuna wa kumuuliza. Najua hilo halipunguzi kitu saa ile sauti ya Lévi inarudi. Utaisikia miaka mingi. Utalima ukiisikia, utapika ukiisikia, na siku zingine itakuacha.

Ule mutu wa koti ya kijani ni jambo lingine, dada yangu. Yeye haukumupata mu maji. Ulimutengeneza ukiwa umekaa mahali pakavu, na siku kwa siku umekuwa ukimulisha. Umemupa mudogo yako mutu wa kufuata, na karibu batu baue muuza sabuni wa watu mwenye pengine naye ana batoto wanaomungoja. Barabara ya Beni haina huruma kwa mwanamuke mwenye kutembea akiangalia nyuso za watu tu. Unaniuliza useme ama unyamaze. Mutu mwenye anataka kunyamaza haandikii radio kurasa ine.

Hadassa anakuwa wa kwanza. Leo hii, mukiwa babili, mufanye kazi ya mikono, kumenya ndizi ama nini. Mwambie: "Nilikukataza kusema kweli. Nilikosa. Mama mudogo hatakufa juu yako. Ukitaka, sema; ukitaka, nyamaza." Kisha endelea kumenya. Usimukodolee macho kungoja jibu, na usimuombe akukumbatie. Gracien umwambie usiku huo huo. Atakurudisha kwa baba yako? Pengine atasema hivyo. Wanaume husema hivyo wakiwa na woga. Umwache aseme.

Mariette umwambie siku ya Mungu, mchana, ndani ya nyumba. Si kwa simu. Uite mutu wa kukaa nanyi, na awe mutu mwenye anamupenda yeye kuliko weye. Kama bibi ya pasta wenu ni mutu wa siri, muchukue. Usianze na mvula na mulima, utamutesa na matumaini. Anza na mwisho: "Hakukuwa mutu. Lévi alikufa. Nilimuachilia." Kisha nyamaza, ujibu kila kitu atakachouliza, hata kile kinachokukata. Usilie mbele yake kabla hajalia. Musamaha usiuombe siku ile, musamaha unaombwa kwa mutu ambaye ameshakula na ameshalala. Akikupiga kofi, pokea moja, na bibi ya pasta asimame kati. Siku tatu za kwanza asilale peke yake.

Na matanga muikae. Kanisa linaweza kumuombea mutoto bila sanduku na bila kaburi, mchungaji akisita mwambie aje kwangu. Miezi ine hii yote Mariette hajapata hata siku moja ya kukaa chini akaliliwa. Hicho ulimunyang'anya, na hicho unaweza kumurudishia.

Muchemshe maji ya kunywa. Anza leo.

Godelive

*

Barua hizi mbili zilipita mukono kwa mukono, hazikusomwa. Miye Godelive nazisoma leo ku radio kwa ruhusa ya Kahongya, na majina yote ya watu nimeyabadilisha. Kisha ya wiki sita aliniandikia tena, na hii nayo ameniruhusu.

*

Mama Godelive, wasingya, asante.

Nilimuambia Hadassa ile vendredi, tukiwa tunamenya ndizi kama ulivyosema. Aliniangalia tu kisha akaendelea kumenya, na nikawaza imeshindikana. Kesho yake ku centre bakatuikalisha ku banc tangu asubui mupaka saa sita, jua inawaka, na mutu wa kupima akapita, na Hadassa akamuvuta ku blouse akamuambia, "Niko na kiu." Ule mama hakujua kitu, akamuletea maji mu gobelet akaenda na kazi yake. Miye nilihesabu yale maneno ku bidole: tatu. Balikuta kifua yake iko na ugonjwa, amepewa dawa ya miezi sita, na kila mardi tunaenda kwa psychologue, yeye kwanza, kisha miye.

Gracien hakunirudisha. Siku tatu alilala ku atelier yake ya mbao, kisha akarudia na akatengeneza mulango wa jikoni wenye ulikuwa umevunjika.

Siku ya Mungu nilimuambia Mariette, mbele ya Mama Jemima, bibi ya pasta. Nilianza na mwisho. Hakupiga makelele. Aliniuliza kitu moja: "Ulikuwa unamuangalia?" Nikasema ndiyo, nilikuwa namuangalia. Akavua kitambaa ku kichwa, akakikunja vizuri vizuri mupaka kikawa kidogo mu mukono yake, kisha akaanguka pembeni, na Mama Jemima akamubeba kama mutoto. Matanga tuliikala kule bondeni, mahali nyumba zilikuwa. Pasta alitaja jina ya Lévi na Mariette akalia mupaka sauti ikakauka, na batu bamoja bakaniangalia, bamoja bakakataa kuniangalia. Alienda kuikala Beni kwa shemeji yake. Hakunisalimia wakati wa kuondoka.

Samedi iliyopita alikuya. Hakuingia kwangu, aliikala inje nyuma ya jiko, akamuita Hadassa, na miye nilikuwa ndani ya jiko, nasikia yote. Alimulomba amuelezee ile siku, polepole. Na mutoto yangu akamuelezea, samaki, kikombe, mulio, maji, na alipofika ku mukono yangu hakunihurumia, alisema vile vile vyenye vilikuwa. Nikazima moto ili mafuta yenye kulia mu sufuria isinizuie kusikia.

Mariette akauliza, "Na weye, uliogopa?"

Hadassa akasema, "Nilikuwa naogopa mama ataniachilia na miye. Mupaka leo naogopaka."

Ile miezi ine yote nilikuwa nawaza Hadassa ananichukia. Nilitoka jikoni. Nikaikala chini ku udongo pamoja nabo, upande wa Hadassa, na yeye akaangalia mukono yangu muda murefu bila kuishika. Mariette aliangalia kule barabarani. Lakini hakuna mutu aliniambia niondoke, na tulibakia pale batatu mupaka jua ikaingia.

Kahongya